Dude la 1979 limetua Mtwara: mrejesho, picha na kilio cha bomba moja

#1 Kuchele_Boy

Wakuu, habari za jioni.

Wale mlionicheka mwaka jana mwezi wa pili nilipolipia, mkasema nimepiga kangomba ya kinyumenyume, njooni. Mkulima anauza korosho zikiwa bado maua, mimi nimenunua sanamu ikiwa bado mchoro. Miezi kumi na moja! Juzi alfajiri basi la usiku kutoka Dar limeshusha mzigo, nikapanda nao bodaboda nimeukumbatia kama mtoto wa wiki moja.

Kwa wageni wa uzi: ni sanamu ya lile dude la Alien, filamu ya kwanza, ya 1979, ya Ridley Scott. Siyo yale ya 1986 yaliyokuja kundi zima. Hili ni lile moja tu lililowamaliza mabaharia wa Nostromo, kile chombo cha anga za juu, mmoja baada ya mwingine. Kampuni iliyotengeneza siitaji, maana nikiitaja hapa itakuwa Simba na Yanga.

Nimelipa jumla 210,000, humo ndani nauli ya ndege ya agenti wa Kariakoo na basi. Mke wangu anajua 60,000. Naomba iishie humu.

Boksi limefika kona moja imebonyea. Nimekata selotepu kwa wembe, taratibu, na kitu cha kwanza kunipokea ni harufu, ile ya kandambili mpya. Ndani kuna trei mbili za plastiki, mikono ya ziada, na mkia umefungwa peke yake kwa vile vikamba vya waya ambavyo unavifungua mpaka unalaani.

Urefu: nimepima kwa rula ya mtoto, sentimita 23 mpaka kwenye utosi. Sanamu za saizi hii mtu wa kawaida anakuwa kama sentimita 18, kwa hiyo pembeni ya binadamu dude linatisha kama inavyotakiwa.

Sasa kichwa. Wakuu, KICHWA. Kile kifuniko cha juu ni laini kama punje ya korosho iliyomenywa, cheusi, lakini kinapitisha mwanga. Mchana huoni kitu. Jana saa mbili usiku umeme umekatika, nikawasha tochi ya simu nikaiweka nyuma ya kisogo. Fuvu likatokea mle ndani, na matundu mawili ya macho yananitazama. Ukizima tochi, uso hauna jicho hata moja. Nimewasha na kuzima kama mara kumi, mtu mzima na ndevu zangu.

Mdomo unafunguka, ule ulimi wenye meno unavutika nje kama sentimita mbili. Meno yamepakwa rangi ya fedha, yote, hakuna lililorukwa. Mbavuni wamepitisha brashi kavu yenye rangi kama ya shaba, ukiigeuza kwenye mwanga utadhani mfupa umeloa.

Matatizo ni matatu.

Goti la kushoto limeganda, naogopa kulilazimisha.

Haisimami. Kichwa kirefu, vifundo vya miguu kama njiti za kiberiti. Ukiiachia inaenda mbele kama mlevi anayetafuta ufunguo.

La tatu ndilo linaniuma. Mgongoni kuna yale mabomba. Moja halipo. Limevunjika, kimebaki kisiki tu, na kipande chenyewe sikikuti ndani ya boksi wala ndani ya kifurushi. Nimewaandikia walioniuzia, kimya. Ushauri tafadhali.

#2 NdioManaake

Siti ya mbele nimeshakaa, na karanga ninazo.

#3 Binti_Ligula

Hongera kaka, subira yako imezaa. Hiyo ya tochi hata mimi ningewasha mara kumi.

Goti usilikaze kavukavu, litakatika pini ubaki na mguu mkononi. Chemsha maji, yasiwe yanatokota, tumbukiza mguu dakika mbili, halafu tikisa kidogokidogo kwenda na kurudi. Mara nyingi ni rangi tu imeshika kiungo. Kama shemeji ana saluni, draya ya nywele inafanya kazi hiyohiyo, ila usiisogeze sana.

Kusimama: angalia chini ya nyayo kama kuna kitundu. Kikiwepo, tafuta kibao chenye pini, umemaliza. Kwa joto letu hili la Januari hata sanamu inayosimama vizuri leo, baada ya miezi mitatu vifundo vinalegea vyenyewe. Mimi Freddy wangu, yule muuaji wa filamu za kutisha, alianza kuinama nikadhani nimemgonga na fagio, kumbe plastiki inalainika. Na msiweke kwenye madirisha ya Shangani mnaotaka upepo wa bahari. Kabatini kwa kioo, mbali na jua. Plastiki laini ikipata joto muda mrefu inatoa jasho lenye kunata, vumbi likikaa hapo halitoki.

Hilo la bomba pole sana. Lakini shukuru ulichopata ni cha kweli. Mimi mwaka juzi niliuziwa Jason, yule muuaji wa filamu za Friday the 13th, jamaa anaapa ni "wa filamu ya kwanza kabisa", na amevaa ile barakoa ya kipa wa magongo. Nikamwambia, kaka, filamu ya kwanza ni ya 1980 na muuaji humo ni mama yake. Ya pili, 1981, Jason amejifunika gunia kichwani. Barakoa aliokota ya tatu, 1982. Akanijibu: "Dada, unataka au hutaki?"

Nikanunua. Lakini kwa bei ya gunia.

#4 Mpiga_Debe

Mwanaume mzima 210,000 unanunua mdoli?? Hiyo si mifuko kumi ya simenti? Ndiyo maana Kusini hatuendelei.

#5 Kuchele_Boy

Mpiga_Debe, nyumba nimeshapaua mkuu. Simenti ya nini tena, niipange kabatini?

#6 Mjusi_wa_Tendaguru

Mpiga_Debe asituletee. Kukusanya vitu Lindi hatukuanza leo. Wajerumani walikuja kilimani Tendaguru 1909 wakachimba mpaka 1913, wakabebesha wapagazi mifupa ya mjusi wa kale, dinosaria, vichwani mpaka bandarini Lindi, wakaenda kuiunganisha Berlin. Mjusi anasimama pale zaidi ya mita 13 kwenda juu. Hiyo ndiyo sanamu kubwa kuliko zote iliyowahi kutoka mkoa wetu, na boksi lake hatujaliona mpaka leo.

Kuchele_Boy, usilie sana kwa kona ya boksi. Mzigo wangu Mei 2024 ulikuwa njiani kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ikakatika Somanga. Ulipofika Lindi boksi lilikuwa limevimba kama andazi. Sanamu nzima, boksi marehemu.

#7 Kiduku_Masasi

Tupia picha ya mgongo. Tunaongea bomba, bomba, hatulioni.

#8 Kuchele_Boy

Nimeweka sita. Ya tatu ndiyo kisiki, ya nne upande wa kichwa, ya tano ni fuvu na tochi. Ya sita puuzeni, ni kidole changu.

Goti limekubali! Maji ya moto dakika mbili kama alivyosema dada, likalia "tki" nikajua nimevunja, kumbe limefunguka. Dada, Mungu akupe kabati kubwa.

#9 Mzee_Shangani

Vijana, shikamooni... yaani nipeni shikamoo zangu kwanza.

Filamu hiyo niliiona kwenye kibanda cha video, kiingilio shilingi sikumbuki ngapi, tumebanana kwenye mabenchi. Lile dude kumbe lenyewe huonekana kidogo sana. Muda mwingi ni giza, minyororo inaning'inia, maji yanadondoka. Kijana mmoja alikuwa nje ananunua mihogo, akarudi akauliza "limetoka?" Tukamwambia limeshatoka na limeshaingia. Alidai hela yake.

Nitawaambia jambo ambalo huenda hamlijui. Mwaka uleule wa 1979 kampuni ya Kenner ya Marekani, ileile iliyokuwa inatengeneza vidoli vya Star Wars, ilitoa sanamu ya dude hili yenye urefu wa sentimita 46. Kwa ajili ya watoto! Filamu yenyewe mtoto haruhusiwi kuingia peke yake, halafu dukani linauzwa pamoja na mipira. Lilikuwa na kishikizo nyuma ya kichwa, ukikibonyeza meno ya ndani yanatoka. Na ndani ya kuba, kile kifuniko cha kichwa, fuvu linang'aa gizani. Wazazi wakaja juu, watoto wakalia usiku, mali haikutoka. Leo mwenye nalo likiwa na kuba lake na boksi lake hamfikii kwa bei, maana makuba ndiyo yaliyopotea ya kwanza, kama vifuniko vya sufuria.

#10 Binti_Ligula

Shikamoo mzee. Hiyo ya vifuniko vya sufuria nimecheka.

#11 NdioManaake

Mke akijua ni 210,000 naomba uzi mpya.

#12 fundi_mpingo

Habari zenu. Mimi huwa nasoma tu, siandiki. Kijana wangu ndiye amenionyesha picha.

Filamu sijaiona. Kazi yangu ni kuchonga, nipo upande wa Mikindani, na babu yangu alichonga mapiko, vile vinyago vya ngoma vya Kimakonde, huko Kitangari. Picha ya nne nimeitazama muda mrefu. Aliyebuni kichwa hiki anajua kazi. Sisemi aliyetengeneza plastiki, nasema aliyewaza.

Mtu asiyejua kutisha huongeza. Anaongeza pembe, anaongeza meno, anatoboa macho makubwa mekundu. Hapa mtu ameondoa. Ukiwa na mnyama au na mtu mbaya unatafuta macho yake ujue anataka nini. Hapa hakuna pa kutafuta. Unabaki na mdomo.

Katika lipiko letu macho yapo, lakini mchezaji haoni kwa macho yale. Kinyago kinavaliwa kichwa kizima kama chungu, kinainama, mchezaji anachungulia kupitia mdomoni. Kwa hiyo anayekutazama siye yule unayedhani anakutazama. Zamani wanawake na watoto hawakutakiwa kujua ni nani yuko ndani. Waliambiwa ni mzimu, na mzimu wakaukimbia.

Hilo bomba lililovunjika lete. Nina mabaki ya mpingo. Mpingo hauhitaji kupakwa rangi nyeusi.

#13 Kiduku_Masasi

Aisee mzee umeshuka na ndege ya mizigo. Karibu sana jamvini.

#14 Mpiga_Debe

Sawa hii komenti ya fundi nimeielewa. Mdoli bado sijauelewa.

#15 Binti_Ligula

fundi_mpingo alisema:
> anayekutazama siye yule unayedhani anakutazama

Mzee, umenigusa mahali ambapo nimekuwa nataka kupaongelea tangu uzi uanze.

Aliyewaza kichwa ni Mswisi, H.R. Giger, mchoraji. Alikuwa na mchoro wake wa 1976, Necronom IV, Ridley Scott akauona akasema ndiye huyu. Giger alishirikiana na wenzake kupata Oscar ya 1980 kwa kazi hiyo. Hao wote wanajulikana, ukifungua kitabu chochote cha filamu wapo.

Lakini aliyekuwa NDANI ya dude, wangapi mnamjua? Ni Bolaji Badejo. Mnaijeria. Alizaliwa Lagos 1953, akawa anasomea sanaa za michoro London, mwembamba, urefu futi 6 na inchi 10, hiyo ni kama sentimita 208. Walikuwa wanahangaika kutafuta mtu ambaye akivaa lile vazi asionekane ni mtu amevaa vazi. Wakamkuta baa, mtaa wa Soho, anakunywa zake. Ile miguu mirefu na mikono iliyopitiliza ambayo leo kila kampuni inaiga kwenye plastiki ni miguu na mikono ya mtoto wa Lagos.

Walimfundisha tai chi na uigizaji wa bila maneno ili apunguze mwendo. Kwa hiyo lile dude kutembea polepole kama linafikiri ni yeye. Na ndani ya kichwa alikuwa haoni, mzee wangu. Alieleza mwenyewe kwamba kulikuwa na vitundu vichache tu, na hata hivyo anaona akiwa amesimama tuli. Akianza kutembea ni giza.

Kingine: kwa sababu ya mkia hakuweza kukaa kwenye kiti. Ikabidi wamtengenezee bembea ya kupumzikia. Kuchele_Boy, yeye hakuweza kukaa, wako hawezi kusimama.

Filamu hakucheza nyingine. Alifariki 1992, hajafikisha hata miaka arobaini.

#16 Kuchele_Boy

Dada... nina sanamu hii mkononi sasa hivi na sikuwa najua. Nimegeuza boksi pande zote sita natafuta jina lake. Nimekuta onyo la watoto wa chini ya miaka mitatu kwa lugha kama kumi. Badejo sijamkuta.

#17 Mjusi_wa_Tendaguru

Kama wapagazi wa Tendaguru tu. Mjusi anajulikana, aliyebeba mguu wake haulizwi.

#18 Mkusanyaji_Sugu

Naomba niwe mchawi wa uzi. Kuchele_Boy, ukiweka bomba la mpingo hiyo sanamu sokoni imekufa. Mkusanyaji makini anataka ilivyotoka kiwandani. Hata kuchomoa kwenye trei umeshapunguza thamani, mimi zangu zote zipo ndani ya maboksi na maboksi yapo ndani ya mifuko. Subiri kampuni ikutumie kipande, au tafuta nyingine iliyovunjika kwingine, unganisha. Mpingo ni mapenzi tu, siyo ukusanyaji.

#19 Binti_Ligula

Mkusanyaji_Sugu, na wewe fuvu la kwako umeshaliona kwa tochi?

#20 Mkusanyaji_Sugu

Limefungwa, nitalionaje.

#21 Binti_Ligula

Haya.

#22 Mzee_Shangani

Sugu ana hoja yake, tusimrukie. Akiuza zake atanunua kiwanja. Ila huyu kijana hajasema anauza.

#23 Kuchele_Boy

MREJESHO

Siuzi. Nimeenda.

Jumamosi nimefunga sanamu kwenye kanga, nikaiweka kwenye mfuko wa sandarusi, daladala mpaka Mikindani. Mama mmoja pembeni akauliza "samaki?" nikamjibu ndiyo, kuepusha maswali. Akabonyeza kidogo akasema huyu ana miiba.

Fundi anafanyia kazi chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Nilidhani atashangaa kichwa. Wapi! Kitu cha kwanza aliigeuza miguu juu akaangalia nyayo. Akasema, "Kitu kinaanzia hapa." Kisha akaizungusha, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo wote kuanzia shingoni mpaka kwenye mkia, amefumba macho. Alipofika kwenye kisiki akasimama.

Kwenye lundo la mabaki akachagua kipande kilichotoka kwenye mguu wa sanamu ya Ujamaa, ile ya watu waliopandana. Nje kina ule weupe wa manjano, ndani nyeusi tii. Weupe wote akautoa kwa tezo, kwa mapigo machache, akabakiwa na kitu kama penseli. Chembe moja ilidondokea kwenye kikombe cha maji ya kunywa, ikazama moja kwa moja. Akaniambia mti unaozama ndio mti. Huu wa Kilwa wenzetu wanaununua kutengenezea klarineti, yeye leo anatengenezea jini bomba la mgongo.

Halafu tupa, halafu msasa, halafu msasa laini zaidi. Yale mabomba si laini, yana pingili kama muwa. Alizihesabu kwenye bomba zima la jirani kwa ncha ya kucha, akarudi kwenye mpingo akazichora zote kwa kisu, bila kupima na kitu chochote. Aliposogeza pembeni mwa lile la kiwandani, pingili zililingana. Kisiki akakitoboa kwa keekee ndogo ya mkono, akachomeka kipande cha spoku ya baiskeli, gundi tone moja, akalibana na vidole akawa anapiga stori mpaka ikashika.

Sasa kibao. Hakuniuliza. Akachukua tu kipande cha mpingo kilichopasuka upande, saizi ya kiganja, akakisawazisha chini, juu akakiacha na mpasuko wake. Spoku nyingine ikatokeza, ikaingia kwenye kitundu cha unyayo wa kulia. Akaachia mkono.

Imesimama wakuu. Imeinamisha kichwa kidogo kwenda kushoto, mkia umezunguka mpasuko. Kuku alikuwa anapita, akasita, akabadili njia.

Gharama: aligoma. Nikaacha elfu kumi na tano chini ya kikombe. Ameomba kitu kimoja, nimwachie sanamu wiki moja. Nimemwachia. Usiku huo nilitazama kabati likiwa tupu nikajisikia mjinga.

Picha kumi na mbili zimepanda. Atakayenitajia bomba la mpingo ni lipi bila kusogeza picha karibu, namtumia vocha ya elfu mbili.

#24 Kiduku_Masasi

La pili kushoto.

#25 NdioManaake

La kwanza kulia.

#26 Mkusanyaji_Sugu

La katikati. Nimesogeza picha na bado sina uhakika, nasema ukweli.

#27 Kuchele_Boy

Wote mmekosa. Vocha inabaki nyumbani.

#28 Mpiga_Debe

Fundi, na mimi nina stuli imekatika mguu. Ni ya kawaida tu, haina meno.

#29 Binti_Ligula

Fundi_mpingo, samahani mzee wangu, unaifanyia nini hiyo wiki? Au ndiyo umeshaipenda?

#30 fundi_mpingo

Binti, salama.

Nimejaribu kichwa. Siyo kuiga, kuiga ni kazi ya mashine. Kuna mtindo wa vinyago tunaouita shetani, aliyeanzisha anatajwa kuwa Samaki Likankoa, mwenzetu aliyetoka upande wa Msumbiji. Mashetani ya mtindo ule yana jicho moja, au sikio lililogeuka mguu, yanajikunja yanavyotaka. Nilichonga hayo miaka mingi mpaka mkono ukazoea, na mkono ukizoea haufikiri. Hiki kichwa kimenirudisha kufikiri. Kazi ngumu ni pale unapofika mahali pa jicho, patasi inataka kuingia yenyewe, unaizuia.

Nimekimaliza jana. Sijatia macho.

Leo kapita mtalii, anatembea kutazama majumba ya zamani. Akakiona kwenye mkeka akauliza hili ni shetani lipi la Kimakonde. Nikamwambia huyu siyo wetu, ni Mnaijeria. Akacheka, akanunua.

#31 Mzee_Shangani

Jibu sahihi kabisa.

#32 Kuchele_Boy

Hahaha mzee umeuza bila hata kutuonyesha picha! Sawa, lakini langu linarudi lini? Wiki imeisha jana.

#33 fundi_mpingo

Kesho kijana analeta. Lingekuja mapema, ila kila nikiliweka dirishani nakuta limegeuziwa ukutani. Mama watoto hataki liangalie kitanda. Nikamwambia mbona halina macho. Akasema ndiyo maana.